MLANGO WA SIMU NA UMRI WA MTOTO

Somo kwa wakatekumeni, juu ya Amri ya 4 na Amri ya 8

Wakatekumeni wamekwisha kujifunza kwamba Amri ya 4 ya Mungu inawaamuru watoto kuwaheshimu baba na mama na kuwatii. Wengi huishia hapo, wakidhani kwamba amri hiyo ni mzigo wa watoto peke yao. Lakini Kanisa linafundisha kwamba amri hiyohiyo inawafunga wazazi pia. Imewapasa kuwapenda watoto wao, kuwalisha, kuwafundisha sala na adabu njema, na kuwakinga na kila kitu kiwezacho kuharibu mwili au roho yao. Siku mzazi atakaposimama mbele ya Mungu, ataulizwa kidogo juu ya shamba lake, na sana juu ya watoto wake.

Zamani mtu mbaya aliyetaka kumdanganya mtoto ilimlazimu kupita uani. Mbwa alibweka. Bibi aliyekuwa akianika mihogo alimwona, akamwuliza: "Baba, unamtafuta nani hapa?" Siku hizi, hata katika vijiji vilivyo mbali na barabara kubwa, kuna simu za kugusa kioo, zile ziitwazo androidi. Simu hiyo huingiza nyumbani nyimbo za Kanisa, masomo ya shule, habari za ndugu walio mbali, hata fedha. Basi si chombo cha Shetani, wala mkristu asifundishe hivyo. Lakini kwa kioo kilekile huweza kuingia picha za aibu, michezo ya kamari, na maneno ya watu wasiojulikana. Nao hawapiti uani. Mbwa hambwekei mtu aliye ndani ya simu.

Waliotengeneza programu za simu wanajua jambo hilo, hivyo wameweka kinga za namna mbili. Ya kwanza ni mpaka wa umri. Programu huuliza mwaka wa kuzaliwa, nayo humkubali mtu, au humkataa, au humkubali na kumfungia baadhi ya mambo. Ya pili ni ulinzi wa wazazi. Mzazi mwenyewe huweka namba ya siri katika simu, na pasipo namba ile mtoto hapiti. Somo hili laeleza jinsi kinga hizo zinavyofanya kazi, na jinsi nyumba ya kikristu inavyopaswa kuzitumia pasipo uongo.

Kungoja si kudharauliwa

Mtoto akiambiwa "bado", hununa. Hudhani kwamba wakubwa wanamnyima kitu kitamu wakile wenyewe. Lakini mkatekumeni aweza kumfundisha mtoto wake jambo hilo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa maana yeye mwenyewe yumo katika kungoja. Katika misheni za kwanza kando ya Ziwa Tanganyika, Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadri Weupe wasimbatize mtu mzima kabla ya miaka 4 ya kufundishwa na kujaribiwa, isipokuwa katika hatari ya kufa. Waliongoja miaka ile hawakuchukiwa na mtu. Walitunzwa, wasije wakapokea kitu kikubwa kwa mikono isiyo tayari.

Kanisa lenyewe huhesabu umri wa watu wake. Mwaka 1910 Papa Mtakatifu Pio X aliamua kwamba watoto wapokee Komunyo tangu wanapofikia umri wa akili, yaani karibu miaka 7. Amri ya kujinyima nyama siku zilizowekwa yawafunga waliotimiza miaka 14, na amri ya kufunga chakula yawafunga tangu miaka 18. Kijijini mambo ni hayohayo. Mtoto wa miaka 5 hupewa kibuyu kidogo cha maji, hapewi shoka. Akipewa jembe ni jembe lililokwisha kulika. Hakuna aliaye kwamba shoka limefichwa kwa dharau.

Yafaa hapa neno moja kwa ajili ya wazee. Wako wasiopenda kusikia habari ya kukataza watu kutazama picha, na wana sababu yao. Wakati wa utawala wa Ubelgiji, kabla ya 1960, sinema zilichaguliwa kwa ajili ya Wakongo wazima kana kwamba wote walikuwa watoto. Hilo lilikuwa dharau kweli, maana mtu mzima alihesabiwa mtoto kwa rangi yake. Lakini kumhesabu mtoto kuwa mtoto si dharau. Ni haki yake. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009, iliyo juu ya kulinda watoto, inasema kwamba mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18, na ya kwamba inawapasa wakubwa kumkinga.

Habari ya nyumba moja

Ichukuliwe habari ya nyumba moja, iwe mfano wa nyumba nyingi. Baba na mama ni wakatekumeni wa mwaka wa pili. Binti yao ana miaka 11, anajua kusoma vizuri, naye anataka programu ya picha na mazungumzo ambayo wenzake wanaisifu. Baba ana simu moja ya zamani isiyotumika. Siku ya soko anaipeleka kwa kijana wa kibanda, yule anayejaza moto katika simu na kuuza mega za intaneti. Kijana anajaribu, kisha anasema: "Baba, programu inamkataa, kwa maana miaka 11 haitoshi. Niandike mwaka gani?" Baba ana haraka ya kurudi shambani. Anajibu: "Andika wowote, mwanangu, mradi ifunguke." Kijana anaandika 1996. Programu inafunguka.

Miezi michache inapita. Usiku mmoja mama anaona mwanga chini ya blanketi la binti. Anaketi kando yake, anaomba simu kwa upole. Humo anakuta maneno ya mwanamume asiyejulikana na mtu yeyote kijijini. Kwanza alikuwa akimsifu binti, kisha akamtumia mega za zawadi, kisha akamwomba picha ambayo binti mwenye haya hampi mtu, na sasa anataka wakutane siku ya soko. Binti analia: "Mama, usimwambie baba." Mama anajibu: "Mwanangu, baba yako ataambiwa, nami nitakaa karibu nawe."

Baba anaposikia anashika fimbo. Mama anamwambia: "Baba watoto, mwaka ule wa uongo ni nani aliyekubali uandikwe?" Baba anaiweka fimbo chini.

Wakatekumeni waifikiri sana habari hii, wasipite upesi. Je, ni nani aliyekosa? Mwanamume yule amekosa kuliko wote, na kosa lake ni la kupelekwa mbele ya waamuzi wa nchi. Kijana wa kibanda ameandika uongo. Baba ameukubali. Binti amekosa kwa kuficha, lakini kosa lake ni dogo, maana alijifunza kuficha kutoka kwa wakubwa. Mtoto aliyemwona baba yake akidanganya ili mlango ufunguke, kwa nini asidanganye ili mlango usifungwe?

Uongo huzima taa

Watu wengi hudhani kwamba mwaka wa uongo ni dhambi ndogo isiyomdhuru mtu. Hawajui jinsi programu zinavyotengenezwa. Programu hizo haziulizi umri kwa ajili ya kukataza tu. Zikishajua kwamba mwenye akaunti ni kijana, zinamwekea kinga nyingi ambazo yeye haoni. Katika TikTok, asiyetimiza miaka 16 hawezi kutumiwa ujumbe wa siri, na tangu 2021 akaunti ya kijana wa miaka 13 hadi 15 hufungwa tangu mwanzo, ili wasiojulikana wasitazame picha zake. Tangu 2023 walio chini ya miaka 18 wamewekewa mpaka wa dakika 60 kwa siku, ambao kijana aweza kuupita lakini humkumbusha. Katika Instagram, tangu mwisho wa 2024, akaunti za vijana zilianza kuwekwa katika hali ya kufungwa, na mgeni asiyefuatwa na kijana hawezi kumwandikia. Aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza mambo hayo pasipo idhini ya mzazi.

Basi yule binti wa miaka 11, kwa programu, alikuwa mwanamke mzima wa karibu miaka 30. Programu haikumfungia lolote. Ilimfungulia wageni wote, na pengine ilimwonyesha picha na matangazo yanayofaa watu wazima. Kijana wa kibanda hakuupita ukuta tu. Aliwafukuza walinzi wote waliokuwa nyuma ya ukuta. Hapo mkatekumeni anaona kwa nini Mungu, katika Amri ya 8, amekataza uongo. Hakukataza ili kutubana. Uongo huzima taa, na katika giza anayeumia kwanza ni mdogo.

Katika nchi nyingi Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp hazimruhusu mtoto kufungua akaunti yake peke yake kabla ya kutimiza miaka 13. Mzazi ajue namba hiyo ilitoka wapi, asije akaiheshimu kupita kiasi. Marekani ilitunga sheria mwaka 1998, ikaanza kushika mwaka 2000, ikikataza makampuni kukusanya habari za watoto wa chini ya miaka 13 pasipo ruhusa ya wazazi. Makampuni yakaona ni rahisi kuwakataa watoto hao kuliko kutafuta ruhusa. Ndiyo asili ya namba 13. Haikupimwa na waganga wala na walimu kwamba siku ya kutimiza miaka 13 mtoto amekuwa na nguvu ya kushinda vishawishi vyote. Nchi ya Australia imeona kwamba haitoshi. Tangu tarehe 10 Desemba 2025 sheria yake inayataka makampuni makubwa ya mitandao kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti, na kampuni isiyotii yaweza kutozwa faini ya zaidi ya dola milioni 49 za nchi ile. Basi mzazi wa Kongo anayemwambia mtoto wa miaka 14 "bado kidogo" si mshamba.

Lakini kinyume chake hakiruhusiwi. Kuongeza miaka ya kungoja ni haki ya mzazi. Kumwongezea mtoto miaka ya uongo si haki ya mtu yeyote.

Jinsi ya kufunga

Kinga ya kwanza iko katika duka la programu liitwalo Play Store, ambalo liko katika simu nyingi za androidi. Kila programu iliyo dukani ina namba ya umri. Katika nchi nyingi namba hizo ni 3, 7, 12, 16 na 18. Mtengenezaji wa programu hujibu maulizo juu ya mapigano, uchi, matusi, kamari na mengine ya namna hiyo, na majibu yake ndiyo yanayotoa namba. Mzazi afungue duka, aguse picha ndogo iliyo juu upande wa kuume, kisha aguse maneno yaliyoandikwa kwa Kifaransa Paramètres, kisha Famille, kisha Contrôle parental. Hapo ataombwa kuweka namba ya siri ya tarakimu 4, na kuchagua umri. Akichagua 7, mtoto hataweza kuchukua dukani programu ya namba 12 au zaidi.

Kinga hiyo ni njema, lakini ina matundu matatu, na mzazi asiyeyajua atalala usingizi wa bure. Tundu la kwanza: haiondoi programu zilizokwisha kuwamo. Simu iliyonunuliwa kuukuu sokoni huja na mambo ya mwenyewe wa kwanza; kwa hiyo kabla ya kumpa mtoto, ifutwe yote na kuanzishwa upya. Tundu la pili: hailindi vitu visivyopita dukani. Vijana wetu hupeana programu na sinema kutoka simu hadi simu pasipo intaneti, au hujaziwa katika kadi ndogo ya kumbukumbu kwa franka chache. Vitu hivyo havina namba ya umri, wala haviulizi namba ya siri ya duka. Kwa habari hiyo kadi ndogo ni ya hatari kuliko intaneti, na wazazi wengi hawaifikirii hata kidogo. Tundu la tatu: namba ya umri yaeleza vitu alivyoviweka mtengenezaji. Haielezi mtu atakayemwandikia mtoto. Mchezo wa mpira waweza kuwa na namba ndogo kabisa, na ndani yake wachezaji wakaongea na wageni wa ulimwengu wote.

Kinga ya pili yaitwa Family Link, nayo imetolewa na Google tangu 2017. Hiyo ni kwa mtoto mwenye simu yake na mzazi mwenye simu yake. Mzazi humfungulia mtoto akaunti kwa mwaka wa kweli wa kuzaliwa. Baada ya hapo, katika simu yake mwenyewe, huona ni programu gani mtoto anazitumia na kwa muda gani, huweka saa ya kufunga simu ya mtoto usiku, na mtoto akitaka programu mpya, ombi humfikia mzazi, naye hujibu ndiyo au hapana. Kazi hiyo hutaka intaneti kwa pande zote mbili, ndiyo maana katika vijiji vingi haitafaa kila siku. Lakini penye mtandao ni bora kuliko ile ya kwanza.

Nyumba nyingi zina simu moja tu, ya baba, na watoto huiazima jioni. Kwa nyumba hizo iko njia rahisi. Katika sehemu ya usalama ya simu nyingi za androidi mna njia ya kuifunga simu katika programu moja. Baba hufungua kitabu cha sala, au somo la hesabu, huifunga simu hapo, kisha humpa mtoto. Simu ikiwa imewekwa kuuliza namba ya siri, mtoto hawezi kutoka katika somo na kuingia mahali pengine pasipo namba hiyo. Akimaliza, anairudisha. Tena katika YouTube na katika kutafuta kwa Google mna uchujaji unaoficha picha nyingi mbaya. Zinafichwa nyingi, si zote.

Namba ya siri isiwe 1234, wala mwaka wa kuzaliwa wa baba, wala ileile ya fedha za simu. Mtoto huona vidole. Mtoto aliyemwona mama akibonyeza namba mara mbili sokoni ameijua kama jina lake. Na namba ileile ikifungua duka, simu na fedha, basi siku mtoto anapoijua, nyumba yote iko wazi.

Binti aliyekwisha kupatwa

Tumrudie binti wa habari ile, maana hajaachwa. Wazazi hawakumwita mwenye dhambi mbele ya watoto wengine. Wala hawakufuta maneno ya yule mwanamume kwa aibu, na hilo ni jambo la akili. Maneno yakifutwa, ushahidi umekufa. Kwanza walimwendea mtu mwenye kujua simu akawapigia picha ya maneno yote pamoja na jina la akaunti iliyoyatuma. Kisha walimfungia mwanamume yule asiandike tena, wakamshtaki katika programu yenyewe. Kisha baba na mjomba wakaipeleka habari kwa wakubwa wa nchi. Mwisho akaunti ile yenye mwaka wa uongo ikafutwa. Binti atangoja mpaka miaka yake ya kweli, na atakapofungua nyingine atafungua kwa mwaka wake wa kweli, wazazi wakiwa wamekaa karibu.

Baba alifanya jambo moja zaidi. Jumapili, baada ya mafundisho, alipitia kwa kijana wa kibanda, akamwambia: "Mwanangu, siku ile nilikufundisha uongo. Nimekuja kukwambia usimwandikie mtoto mwingine kama ulivyomwandikia wangu, hata mzazi wake akikuomba." Kijana alijibu kwamba akikataa, watakwenda kibanda cha pili. Baba akamwambia: "Waende."

Mfano wa Nazareti

Injili ya Mtakatifu Luka yatupa habari ya Yezu alipokuwa na miaka 12. Alibaki hekaluni Yeruzalemu, na wazazi wake, wasijue, walikuwa wamekwisha kwenda mwendo wa siku nzima. Maria na Yozefu hawakusema: "Ana akili, atajua mwenyewe." Walirudi wakamtafuta hata siku ya tatu. Walipomwona, Maria alimwuliza kwanza, kwa nini amewatendea hivyo. Hakuanza kwa kumpiga. Naye Yezu, ambaye ni Mwana wa Mungu na mwenye hekima kuliko walimu wote waliomzunguka, alishuka pamoja nao mpaka Nazareti akawa akiwatii. Kama ni mtoto mmoja tu ulimwenguni ambaye hakuhitaji kulindwa, alikuwa yule. Naye alikubali kulindwa.

Mzazi naye ajifunze kwa Maria na Yozefu. Namba ya siri haimtafuti mtoto aliyepotea. Namba hufunga mlango tu. Kumwuliza, kumsikiliza na kuketi pamoja naye ni kazi ya mtu. Wako wazazi wanaofunga simu kwa namba tatu na kamwe hawamwulizi mtoto amesoma nini leo. Na kijana mjuzi wa simu, akitaka kweli, huijua njia ya kuufungua mlango wa duka pasipo namba. Ndiyo maana kinga ya nje peke yake haitoshi: inampa mtoto muda wa kukua, mpaka aweze kujifunga mwenyewe kwa ndani.

Kijana aliyejifunga mwenyewe yuko, na Kanisa limemtukuza. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza Carlo Acutis kuwa mtakatifu. Alikuwa kijana wa Milano katika Italia, aliyekufa mwaka 2006 akiwa na miaka 15, mpenda Misa na Rozari, na mjuzi sana wa kompyuta. Alitumia ujuzi huo kutangaza miujiza ya Ekaristi. Inasimuliwa kwamba alipenda michezo ya kompyuta kama watoto wote, lakini alijiwekea saa moja tu kwa juma. Watoto waambiwe habari zake, maana wanadhani watakatifu wote waliishi kabla ya umeme.

Wala mtu asidhani kwamba Kanisa limeamka leo kwa ajili ya mambo haya. Mwaka 1936 Papa Pio XI aliandika barua juu ya sinema, akataka zichaguliwe na kutengwa, ipi yafaa watu wote na ipi haifai. Mwaka 1957 Papa Pio XII aliandika juu ya sinema, radio na televisheni. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya kupashana habari, uliwakumbusha wazazi kwamba ni wajibu wao mkubwa kuangalia vitu vyenye kuharibu visiingie nyumbani mwao. Maaskofu waliokubali maneno yale hawakuwa wameona simu hata moja ya namna ya leo.

Maulizo ya wakatekumeni

Ulizo: Je, mzazi akifungua na kutazama simu ya mtoto wake, amevunja siri yake?
Jibu: Kwa mtoto mdogo, hapana, ni kazi yake. Kwa kijana anayekaribia utu uzima, mzazi amwambie mbele kwamba atatazama, asitazame kwa kuvizia kama mwizi. Kijana anayeviziwa hujifunza kuvizia.

Ulizo: Kaka mkubwa amempa mdogo wake simu yake iliyo wazi. Je, kosa ni la nani?
Jibu: Mkubwa ana sehemu yake. Yezu alisema neno zito juu ya mtu anayewakwaza wadogo, akataja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari. Mwenye simu ya mtu mzima asiiazime kwa mtoto kabla ya kuifunga katika programu moja, na asiweke ndani yake kitu ambacho angeona haya mama yake akikikuta.

Ulizo: Shuleni wametaka watoto waingie katika kundi la WhatsApp ili wapokee masomo, na mtoto ana miaka 10. Je, mzazi aandike umri wa uongo kwa kuwa ni jambo jema?
Jibu: Jambo jema halihitaji uongo. Mzazi aingie yeye mwenyewe katika kundi kwa namba yake, apokee masomo, amsomee mtoto. Hivyo mtoto amepata somo, na mzazi amejua anafundishwa nini.

Ulizo: Mzazi asiyejua kusoma atafanyaje, ikiwa mtoto ndiye anayemsomea simu?
Jibu: Asimwachie mtoto kazi ya kuweka kinga inayomhusu yeye mwenyewe. Amwombe msimamizi wake wa ubatizo, au mwalimu, au jirani mwaminifu, amfungulie sehemu ile ya wazazi. Lakini namba ya siri aiweke kwa kidole chake, wengine wakiwa wamegeuka. Tarakimu 4 zabonyezwa hata na asiyejua kusoma, kama afanyavyo kila anapotoa fedha kwa simu.